Kenya: Vishikwambi Vilitangulia Mtaala

Askari hufundishwa kwanza namna ya kuitumia silaha, ndipo akabidhiwe. Jirani zetu wa Kenya walianza na chombo. Ahadi ya uchaguzi wa mwaka 2013 ilikuwa kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikazua mashauri mahakamani, na vishikwambi vikaanza kugawiwa mwaka 2016. Mtaala mpya, unaoutaja ujuzi wa dijitali miongoni mwa stadi 7 za msingi, ulienea nchi nzima kuanzia mwaka 2019 kwa madarasa ya chini. Muhtasari wa kufundishia utungaji wa programu uliidhinishwa mwaka 2022.

Katika miaka hiyo ya katikati, mwalimu asiyeandaliwa alikifanyia nini chombo hicho? Kukiwasha na kukizima si elimu, wala si kazi ya kujivunia. Kusanifu ni jambo jingine. Mtoto anayebuni, tuseme, chombo cha kunyweshea kuku, huchora, hupima, hupanga maagizo hatua kwa hatua, hujaribu, hukosea, kisha hurekebisha. Na hayo yote yaweza kuanzia kwenye karatasi na penseli, hata katika shule isiyo na umeme.