Kenya: Hesabu ya mafuta inayoamua safari za boti za burudani katika mlango wa bahari wa Pemba

Kila mwaka, kuanzia mwezi Agosti hadi Machi, boti za uvuvi wa burudani huondoka alfajiri kutoka Shimoni, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, zikielekea katika mlango wa bahari unaoitenganisha bara na kisiwa cha Pemba. Abiria wake hufuata nduaro, sulisuli na jodari. Nahodha naye anafuatilia jambo jingine lisiloonekana na wageni wake: ni lita ngapi za mafuta zimekwisha kutumika, na ni ngapi zitakazomrudisha nyumbani.

Swali hilo linaonekana jepesi kwa aliyezoea gari. Dereva akiishiwa mafuta huegesha kando ya barabara. Katika mlango wa bahari wa Pemba hakuna kando. Kina chake hufikia mamia ya mita, kwa hiyo kamba ya nanga haigusi chini, na boti isiyo na injini huchukuliwa na maji. Maji hayo yana mwelekeo unaojulikana. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki hutiririka kwenda kaskazini mwaka mzima, nao huongezeka nguvu wakati wa kusi, ambapo kasi yake inaweza kufikia noti kadhaa, noti moja ikiwa ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, kwa saa. Boti iliyozimika upande wa Tanzania inaweza kujikuta imevuka mpaka wa baharini ambao nchi hizi mbili zilikubaliana mwaka 1976, bila ya nahodha wake kukusudia kwenda Kenya hata kidogo.

Geji inayodanganya

Boti nyingi ndogo zina geji ya mafuta inayofanana na ya gari: boya ndani ya tangi hupanda na kushuka, na mshale husogea. Manahodha wazoefu hawaiamini, na wana haki. Kwanza, tangi la boti mara nyingi hujengwa kufuata umbo la chombo, jembamba chini na pana juu. Tukichukua tangi lenye umbo kamili la herufi V na ujazo wa lita 200, mafuta yakifika nusu ya kimo chake hayawi lita 100, bali lita 50 tu. Mshale unaonyesha nusu, ilhali robo tatu zimekwisha. Matangi halisi hayachongoki kiasi hicho, lakini kosa huelekea upande ule ule, upande wa hatari.

Pili, chombo hakitulii. Kikienda kasi, omo huinuka na mafuta hukimbilia tezi; kikipigwa na mawimbi ubavuni, boya huchezacheza. Usomaji wenye maana ni ule unaofanywa boti ikiwa imesimama kwenye maji matulivu, yaani pale ambapo nahodha hauhitaji sana.

Ndiyo sababu katika miongo ya karibuni umeenea utaratibu wa kupima mafuta yanapopita kwenye bomba, badala ya kupima yaliyobaki tangini. Kwa injini ya petroli, kifaa kidogo chenye gurudumu jepesi hufungwa kati ya tangi na injini. Mafuta yakipita, gurudumu huzunguka, na kila mzunguko hugeuzwa kuwa ishara ya umeme inayohesabiwa. Injini za kisasa hazihitaji hata gurudumu hilo, kwa sababu kompyuta yake tayari inajua kila bomba la sindano limefunguka kwa muda gani, na kutokana na hapo hukokotoa lita kwa saa. Takwimu hizo hupelekwa kwenye skrini ya usukani kupitia mfumo wa mawasiliano uitwao NMEA 2000, ambao huunganisha pia kipokezi cha GPS. Kasi ya chombo na matumizi ya mafuta vikikutana kwenye skrini moja, hupatikana kipimo chenye thamani kuliko vyote: lita kwa kila maili ya baharini.

Kwa dizeli mambo ni magumu zaidi. Injini nyingi za dizeli huvuta mafuta mengi kuliko zinayoyachoma, na yaliyosalia hurudishwa tangini. Hivyo huhitajika vipimo viwili, kimoja cha kwenda na kingine cha kurudi, na jibu ni tofauti yao. Tuseme injini inavuta lita 60 kwa saa na kurudisha 45; imetumia 15. Iwapo kila kipimo kina kosa dogo la asilimia 2 tu, na makosa hayo yakaelekea pande mbili tofauti, upotofu hujumlika kuwa lita 2.1, ambazo ni asilimia 14 ya matumizi halisi. Mwenye boti ya dizeli anayenunua vipimo vya bei nafuu anapaswa kulifahamu hilo kabla hajalipa.

Kasi ya kati ndiyo ghali

Vipimo hivi vilipoanza kutumika, viliwaonyesha wengi jambo lililokuwa kinyume na dhana ya kawaida kwamba kadiri unavyopunguza mwendo ndivyo unavyookoa mafuta. Kwa boti ya kasi, hilo ni kweli nusu tu.

Tuchukue mfano wa boti ya mita 7 yenye injini moja ya petroli ya nguvu farasi 200. Takwimu zifuatazo ni za kielelezo, ingawa hazitofautiani sana na zinazopatikana kwa vyombo vya aina hiyo. Ikienda noti 7 inatumia lita 12 kwa saa, sawa na lita 1.7 kwa maili. Ikiongezwa mwendo hadi noti 12, matumizi hupanda hadi lita 26 kwa saa, yaani lita 2.2 kwa maili. Lakini ikifika noti 23 inatumia lita 35 kwa saa, na kwa kila maili ni lita 1.5 tu. Ikifunguliwa hadi mwisho, noti 36, hutumia lita 75 kwa saa, na gharama ya maili moja hurudi kupanda hadi lita 2.1.

Sababu ni namna chombo kinavyokaa majini. Katika mwendo wa polepole boti hulisukuma maji kando, na hilo halidai nguvu nyingi. Ikiongeza mwendo hutengeneza wimbi lake yenyewe, nayo ikawa kama inayopanda mlima usiokwisha: omo juu, tezi imezama, injini inanguruma na mwendo hauongezeki. Ikishavuka kilele hicho, huinuka na kuteleza juu ya maji, na msuguano hupungua. Nahodha anayekwenda noti 12 akidhani anabana matumizi yuko mahali pabaya kuliko pote.

Mkondo wa maji nao huingia katika hesabu hii, na huwaumiza zaidi wanaokwenda taratibu. Boti yetu ya noti 23 ikikabiliana na mkondo wa noti 3 husogea noti 20 juu ya ardhi, na maili moja huigharimu lita 1.75 badala ya 1.5. Ile ya noti 7 hubakiwa na noti 4, na gharama yake huruka kutoka lita 1.7 hadi lita 3. Skrini iliyounganishwa na GPS huonyesha tofauti hii papo hapo. Isiyounganishwa huonyesha lita kwa saa pekee, na lita kwa saa hazibadiliki, hata kama chombo hakisogei popote.

Siku moja baharini

Sasa tuipeleke boti hiyo kazini. Inaondoka na lita 180, inakwenda maili 15 kuelekea kaskazini mashariki ikisukumwa na mkondo wa noti 3. Kwa noti 26 juu ya ardhi inatumia lita 20. Kisha inakokota chambo kwa saa 6 kwa mwendo wa noti 7, lita 72. Muda wote huo maji yanaendelea kuichukua, kiasi kwamba wageni wanapokunja mishipi yao nyumbani ni umbali wa maili 25, na mkondo uko usoni. Bahari ikiwa tulivu, kurudi kwa noti 23 kutahitaji lita 44. Jumla ni lita 136, zinabaki 44.

Lakini wakati wa kusi upepo huongezeka mchana. Mawimbi yakilazimisha mwendo upungue hadi noti 12, boti itasogea noti 9 tu juu ya ardhi, na maili 25 zile zile zitakula lita 72. Jumla inakuwa lita 164. Zilizobaki ni 16, na sehemu yake iko chini ya mdomo wa bomba la kufyonzea, pamoja na maji na uchafu uliotulia huko. Chombo kile kile, umbali ule ule, na nahodha hakufanya uzembe wowote unaoonekana.

Kwa hali kama hizo waendesha boti katika nchi nyingi hufuata kanuni ya theluthi: theluthi ya mafuta kwa kwenda, theluthi kwa kurudi, theluthi isiguswe. Katika mlango wa bahari wa Pemba, kwa maoni yetu, theluthi ya kwenda inapaswa kuhesabiwa pamoja na saa za kuvua, jambo ambalo ni rahisi kusahaulika kwa kuwa boti inayokokota chambo inaonekana kama imepumzika.

Kipimo nacho hupimwa

Kifaa kipya hakiaminiwi hadi kilinganishwe na pampu. Tangi hujazwa hadi alama fulani, kipimo hurudishwa sifuri, boti hufanya safari zake, kisha hujazwa tena hadi alama ile ile. Pampu ikisoma lita 100 na kipimo kikasoma 92, kila lita ya kipimo inapaswa kuongezwa karibu asilimia 9, na vifaa vingi huruhusu marekebisho hayo. Kosa la kawaida zaidi halitokani na kifaa: ni nahodha kusahau kukiambia ni lita ngapi zimeongezwa, au msaidizi kuongeza dumu moja bila ya kusema.

Faida nyingine hujitokeza baada ya miezi. Ikiwa kwa mizunguko ile ile ya injini boti imekuwa nzito na lita kwa maili zimepanda, huenda mwani na viumbe vyenye magamba vimeota kwenye tumbo lake, au rafadha imepinda baada ya kugonga mwamba. Maji ya uvuguvugu ya pwani yetu huyaotesha mambo hayo haraka. Mwenye rekodi hugundua kabla ya fundi.

Kwa mwenye chombo bei ya kila lita si jambo la mbali. Nchini Kenya mamlaka ya nishati, EPRA, hutangaza bei za juu za mafuta kila mwezi, zinazoanza kutumika tarehe 15, na EWURA ya Tanzania hutangaza za kwake Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mgeni huenda aliweka nafasi ya safari kabla bei haijabadilika. Anayejua kwamba siku ya kawaida inamlia lita 136 anaweza kupanga nauli, na anayekisia atajua hasara yake mwisho wa msimu.

Wasio na vifaa hivi, nao ndio wengi, wana njia isiyo mbaya. Boti zinazotumia madumu au matangi ya kubeba humaliza moja kabla ya kuunganisha jingine, na saa ya kubadilisha huandikwa. Dumu la lita 20 likidumu saa moja na dakika 40, matumizi ni lita 12 kwa saa. Kinachotakiwa ni saa ya mkononi, daftari lisilolowa, na kuandika pia mwendo uliokuwa ukitumika, pamoja na kama ilikuwa bamvua au maji mafu.