Mafuta Yaliyosafiri kwa Karatasi

Watu wengi wakisikia habari za ukoloni, mawazo yao huelekea kwa gavana na kofia yake ya manyoya, kwa askari na bunduki zao, na kwa sharia za ubaguzi zilizobandikwa milangoni mwa hoteli na stesheni za reli. Ni wachache wanaokumbuka kwamba nyuma ya gavana alikuwapo tajiri, na kwamba mara nyingi gavana alipokwisha kufunga virago vyake, tajiri alibaki amekaa pale pale akihesabu faida yake bila ya kuulizwa na mtu. Jambo hili lilitambuliwa mapema katika Umoja wa Mataifa. Baada ya Azimio la tarehe 14 Desemba 1960 lililotaka nchi zote zinazotawaliwa zipewe uhuru wao, iliundwa kamati iliyokuja kujulikana kwa jina la Kamati ya Ishirini na Nne, ambayo Mzanzibari Salim Ahmed Salim aliiongoza toka 1972 hata 1980, na mwaka baada ya mwaka kamati hiyo ilirejea kwenye shauri moja, nalo ni maslaha ya biashara za kigeni yanayozuia uhuru wa watu na kurefusha maisha ya ubaguzi wa rangi. Maazimio yalipitishwa kwa kura nyingi, madola ya Magharibi yakipinga au yakijizuia, na wasomaji wa magazeti wakipiga miayo, kwa kuwa lugha ya maazimio ni kavu na haimtaji mtu kwa jina lake.

Lakini kipo kisa kimoja ambacho majina yake yalitajwa, hati zake zikafumuliwa, na namna biashara ilivyoweza kuilisha dola ya dhuluma ikaonekana waziwazi. Nacho ni kisa cha mafuta ya Rhodesia, nchi inayoitwa Zimbabwe leo.

Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, na chama chake walijitangazia uhuru wao wenyewe kutoka kwa Uingereza, wakikusudia kuzuia utawala wa walio wengi. Wazungu wa nchi ile hawakuzidi laki mbili na nusu katika watu zaidi ya milioni nne, ilhali ardhi iligawanywa kana kwamba pande mbili zilikuwa sawa kwa hesabu: sharia ya 1969 iliwapa karibu ekari milioni 45 Wazungu, na kiasi kama hicho hicho Waafrika. Nchi za Afrika zilitaka Uingereza itumie nguvu kumwondoa mwasi huyo, kama ilivyozoea kutumia nguvu kwa waasi wengine wasiokuwa na ngozi nyeupe. Waziri Mkuu Harold Wilson alikataa, akachagua vikwazo vya uchumi, na katika mkutano wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Lagos Januari 1966 akawaahidi viongozi wenzake kwamba kazi itakwisha kwa muda wa majuma, wala si miezi.

Ahadi ile haikuwa upuuzi mtupu, na insafu yataka tuseme hivyo. Rhodesia haikuwa na hata tone la mafuta yake yenyewe, wala haikuwa na pwani. Mafuta yake yaliteremshwa katika bandari ya Beira, Msumbiji, iliyokuwa bado mikononi mwa Mreno, kisha yakasukumwa kwa bomba la karibu kilomita 300, mali ya kampuni ambayo hisa zake nyingi zilikuwa za kampuni nyingine iitwayo Lonrho, mpaka kwenye mtambo wa kusafishia mafuta wa Feruka karibu na Umtali, mji unaoitwa Mutare leo. Desemba 1965 Uingereza ikapiga marufuku mafuta kupelekwa Rhodesia, bomba likakauka, na mtambo ukafungwa Januari iliyofuata. Meli ya mafuta iitwayo Joanna V ilipoingia Beira mwezi wa Aprili 1966, Baraza la Usalama liliipa Uingereza idhini ya kuzuia kwa nguvu meli zilizoshukiwa kuelekea huko, na tangu hapo manowari za Kiingereza zikawa zinazunguka katika Mlango wa Msumbiji, zikisaidiwa kwa miaka kadhaa na ndege zilizoruka kutoka Majunga, Madagaska. Zamu hiyo ilidumu mpaka Juni 1975, Msumbiji ilipopata uhuru. Mabaharia walichoka kwa jua na kwa kukosa kazi, maana Beira halikupita hata pipa moja.

Mafuta yalipita kwingine. Manowari ziliwekwa kwenye mlango wa mbele, na mlango wa uani ukaachwa wazi hata komeo halikutiwa: meli ziliteremsha shehena Lourenço Marques, bandari ya kusini ya Msumbiji ambayo leo ni Maputo, na kutoka hapo mabehewa ya mafuta yakafuata reli iendayo moja kwa moja Rhodesia, ilhali malori mengine yakivuka daraja la Beitbridge kutoka Afrika ya Kusini. Hakuna aliyehitaji kusafiri usiku wala kuficha kitu chini ya turubai. Serikali ya Smith iliunda kampuni ya ununuzi iliyoitwa Genta, na wauzaji wakawa ni wale wale waliokuwa wakiuza kabla ya uasi: Shell, BP, Mobil, Caltex na Total, ambao vibao vyao havikuondolewa hata siku moja katika vituo vya petroli vya Salisbury, mji mkuu. Mgao wa petroli ulianza mwisho wa 1965, na mwaka 1971 ukaondolewa.

Sasa ni laiki kueleza ufundi wenyewe, kwani hapa ndipo penye elimu ya kisa hiki. Kampuni kubwa ya mafuta si mtu mmoja. Ni mama mwenye mabinti wengi, na kila binti ameandikishwa katika nchi nyingine chini ya sharia nyingine. Aliyeulizwa London alijibu kwamba yeye hauzi kitu Rhodesia, naye kwa karatasi alisema kweli. Binti wa Afrika ya Kusini alijibu kwamba anauza kwa wakala wa Afrika ya Kusini, na kwamba sharia za huko zinamkataza kumwekea mnunuzi sharti la mahali pa kupeleka mali au kufichua habari za mafuta, ambazo zimehesabiwa kuwa siri ya dola. Wakala naye aliuza kwa Genta. Ankara zilipitishwa kutoka kampuni hii hadi ile, nyingine zikiwa hazina kazi ila kuandikwa majina yao, mpaka mtu aliyeshika daftari la kwanza asiweze kuuona mwisho wa safari. Mafuta yenyewe hayakupita katika ofisi hizo zote. Yalikwenda kwa njia fupi ya reli, na karatasi ndizo zilizozunguka. Wanaodhani kuwa vikwazo huvunjwa na maharamia na watu wa magendo wangestaajabu kuona jinsi kazi hii ilivyofanywa na waungwana waliovaa tai, wakawekeana saini, na jioni wakarudi makwao kwa wakati.

Hata hivyo palikuwa na kasoro moja ndogo katika usanifu huo. Tawi la Shell lililofanya kazi Msumbiji lilikuwa limeandikishwa Uingereza, kwa hiyo lilifungwa na sharia ya Uingereza. Jambo hili lilipoanza kunong'onwa, kampuni za London zilipata dawa yake: Total ya Kifaransa ingepeleka mafuta Rhodesia kutoka Lourenço Marques, na wenzao wa Shell na BP wangeirudishia Total kiasi kile kile ndani ya Afrika ya Kusini. Kwa mabadilishano hayo mtu angeweza kuapa kwamba hakuna mafuta ya Mwingereza yanayomfikia Smith, na Smith asipungukiwe na galoni moja. Februari 1968 wakuu wa kampuni walikutana na waziri George Thomson wakamweleza mpango huu, na serikali haikuuvunja. Tukumbuke kwamba karibu nusu ya hisa za BP zilikuwa mali ya serikali hiyo hiyo ya Uingereza, na kwamba serikali ilikuwa na haki ya kuteua wakurugenzi wawili katika halmashauri yake. Yaani dola moja ililipia manowari za kuzuia mafuta, na kwa mkono mwingine ikapokea gawio la kampuni iliyokuwa ikiyapeleka. Mabadilishano yenyewe yalikoma mnamo 1971, na tawi la Msumbiji likarejea kuuza kama zamani.

Walioumia kwanza hawakuwa waasi. Zambia, isiyokuwa na bahari na iliyozoea kupata mafuta yake kupitia Rhodesia, ilikatiwa mafuta Desemba 1965, ikabidi petroli isafirishwe kwa ndege ndani ya mapipa, nyingine ikiondokea Dar es Salaam, na malori yakaanza kupishana katika barabara ya vumbi na matope iendayo kusini, ambayo madereva waliibandika jina la jehanamu kwa wingi wa waliopoteza maisha yao humo. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika 1968. Reli ya Uhuru ikafuata katika miaka ya sabini. Tanzania ilivunja uhusiano wake wa kibalozi na Uingereza tarehe 15 Desemba 1965, kwa kutii azimio la mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikapoteza mkopo wa pauni milioni saba na nusu uliokwisha kuahidiwa. Wako waliomcheka Mwalimu Nyerere wakati ule kwa kutupa fedha kwa ajili ya heshima. Mimi naona hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko ya wale waliomcheka, kwani alidai jambo moja tu, kwamba asemaye anapinga asiwe akiuza.

Wamarekani nao walikuwa na lao, na kwa sifa moja tuwape haki yao: hawakujificha. Mwaka 1971 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kilichoruhusu kromi ya Rhodesia iingizwe nchini kinyume cha amri ya Baraza la Usalama, kampuni ya Union Carbide na nyingine zilizokuwa na migodi huko zikiunga mkono kwa nguvu zote, kwa hoja kwamba bila hivyo Marekani ingeitegemea Urusi. Makuli wa baadhi ya bandari walikataa kuipakua. Kifungu kiliondolewa 1977.

Je, mafuta yalikuwa na uzito kweli, au tunakuza jambo? Jibu lilitolewa na Pretoria yenyewe. Msumbiji ya Samora Machel ilifunga mpaka wake na Rhodesia Machi 1976, kwa hasara kubwa ya nchi changa, na tangu hapo Smith akawa hana njia ila Afrika ya Kusini. Mwaka huo huo Vorster, waziri mkuu wa Afrika ya Kusini, kwa sababu zake mwenyewe na kwa kusukumwa na Henry Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliibana reli na kupunguza mafuta na silaha zinazopita. Na tarehe 24 Septemba 1976 Smith, aliyekuwa ameapa kwamba utawala wa walio wengi hautakuja katika uhai wake, alisimama mbele ya redio na televisheni akakubali kwamba utakuja katika muda wa miaka miwili. Vita vya msituni vilikuwa vimemchosha, hilo halina shaka, na hila zake hazikuishia hapo. Lakini mafuta yalipoguswa kweli, ilichukua miezi michache kumtoa maneno ambayo miaka kumi ya manowari haikuyatoa. Desemba 1978 wapiganaji walizipiga ghala za mafuta za Salisbury kwa makombora, na moto ukawaka siku kadhaa ukateketeza sehemu kubwa ya akiba ya serikali.

Wakati huo siri ya kampuni za mafuta ilikwisha kuanza kuvuja. Juni 1976 taasisi ya kanisa moja la Marekani ilitangaza hati za ndani za Mobil zilizoonyesha namna ankara zilivyozungushwa. Uingereza nayo ililazimika kumteua mwanasheria Thomas Bingham kuchunguza, na taarifa yake iliyotolewa Septemba 1978 ilisimulia mambo yote, pamoja na mikutano ya mawaziri. Wilson akasema hakuelezwa sawasawa. Thomson akasema alieleza. Bunge la Makabwela likakubali pawe na uchunguzi zaidi, Bunge la Mabwana likakataa, na mwisho wa 1979 mwanasheria mkuu wa serikali akatangaza kuwa hapana atakayeshitakiwa. Nigeria ilikuwa imekwisha kutoa hukumu yake kwa njia nyingine: Julai 1979 ilitaifisha mali ya BP nchini humo.

Lonrho, kwa upande wake, ilizishitaki Shell na BP ikidai fidia, kwa kuwa wao walimwezesha Smith kuishi na bomba la Lonrho la Beira likakaa kavu muda wote huo. Mtu asiyejua angeidhania kuwa mpigania uhuru. Lakini Lonrho ilikuwa na migodi na mashamba ndani ya Rhodesia, na Juni 1978 Tanzania ilikuwa imetwaa mali zake zote nchini kwa kuituhumu kudhoofisha harakati za ukombozi. Mwaka 1981 mahkama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba sharia ya vikwazo haikuwekwa kwa manufaa ya mfanyabiashara yeyote, basi hakuna mfanyabiashara awezaye kudai fidia kwa kuvunjwa kwake. Kwa hiyo serikali haikumshitaki mtu, na aliyeshitaki hakuwa na haki. Wanakijiji waliohamishwa kwa nguvu na kuzungushiwa ua ili wasiwalishe wapiganaji, kwa malori yaliyotumia mafuta hayo, hawakutajwa katika shauri hilo.

Zimbabwe ilipandisha bendera yake tarehe 18 Aprili 1980. Bomba la Beira lilifunguliwa tena miaka miwili baadaye, mtambo wa Feruka haukusafisha mafuta tena, na petroli ya taifa jipya ikauzwa na Shell, BP, Mobil, Caltex na Total.