Kwa nini anayevuta mkia darasani husaka sifa hatarini

WAZAZI na walimu wengi hushangaa mtoto aliyekuwa mtiifu anapogeuka ghafla akifika umri wa miaka 14 au 15. Huanza kuning'inia mlangoni mwa matatu, kuonja bangi au kuruka ua la shule usiku.

Aghalabu hukumu hutolewa upesi kwamba kijana huyo hajui hatari. Utafiti, hata hivyo, unaonyesha kuwa vijana wengi wanaijua vyema. Kinachowazidi nguvu ni sifa wanazotarajia kutoka kwa wenzao.

Mnamo 2005, wanasaikolojia Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, walichapisha utafiti uliohusisha watu 306. Washiriki walicheza mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari, wakaamua wenyewe kama wangesimama au wangesonga mbele taa zilipobadilika.

Walipotazamwa na wenzao, wenye umri wa miaka 13 hadi 16 walijitosa hatarini takriban maradufu ya walivyofanya wakiwa peke yao. Watu wazima hawakubadilika.

Sababu ni kwamba sehemu za ubongo zinazohisi raha ya kutuzwa huchangamka mapema wakati wa kubalehe, ilhali zile za kujizuia huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20.

Umri huo ndio kijana hujiuliza yeye ni nani, na jibu hulitafuta machoni pa wengine. Shule inapobandika ukutani orodha ya matokeo kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, anayevuta mkia muhula baada ya muhula hujifunza kwamba darasani hana jina. Kikundi kinachokutana nyuma ya bweni humpa jina hilo, mradi tu athubutu.

Kupuuza masomo basi si uvivu tu, bali pia ni njia ya kulinda heshima. Asiyejaribu hawezi kuambiwa ameshindwa.

Ndiyo maana adhabu ya kufedhehesha haifui dafu. Mbali na kupigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, huthibitisha kile ambacho mwanafunzi ameanza kukiamini kujihusu. Anayetumwa nyumbani naye huweza kurudi akiwa shujaa wa wenzake, huku masomo yamempita zaidi.

Kinachofaa ni kumpa mahali pengine pa kuthubutu. Kupanda jukwaani katika tamasha za drama, kupiga penalti au kushiriki mdahalo nako ni kujitosa mbele ya wenzake. Shule inayomnyima aliyefeli michezo ili asome zaidi humfungia mlango huo.

Mwalimu naye anaweza kupima alama za mwanafunzi dhidi ya zile alizopata muhula uliotangulia, na mzazi kumkemea mwanawe faraghani.

Wahenga walinena kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa kijana wa miaka 15, ulimwengu huo ni wenzake wa rika moja.