Keti kwanza, ndipo uchague inchi

Somo: Luka 14:28–30

Ndugu msomaji, AFCON ya mwaka 2027 imepangwa kuchezwa hapa kwetu Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda. Kwa sisi watu wa Tanga, tuliozoea kubishana habari za Coastal Union na African Sports, hiyo peke yake ni sababu ya kuigeukia ile runinga ndogo ya sebuleni na kuiona imechoka. Ukikaa barazani Mabawa jioni utasikia mazungumzo hayo: fulani ameleta ya inchi 55, fulani anatafuta ya 65. Na wewe moyoni umeanza kuupima ukuta wako kwa macho.

Pengine utashangaa habari za runinga kuingia katika safu ya Jumapili. Lakini Bwana Yesu hakuona aibu kuzungumzia hesabu za fedha. Alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo, kabla ya kushika mwiko, huketi akapiga hesabu kama alichonacho kinatosha kumaliza kazi. Asipofanya hivyo atabaki na msingi, na kila apitaye njiani atamcheka. Najua mfano ule ulihusu gharama ya kumfuata Yeye, haukuhusu ununuzi wa vyombo vya nyumbani. Hata hivyo aliutumia kwa sababu wasikilizaji wake walijua kwamba mtu mwenye akili huketi kwanza. Anayeketi kwanza katika mambo madogo hujifunza kuketi katika makubwa.

Niseme mapema kwamba runinga si dhambi. Wazee wetu wanakumbuka jinsi Tanzania Bara ilivyokaa miaka mingi bila televisheni. Zanzibar ilikuwa na yake tangu miaka ya 1970, lakini Bara chini ya Mwalimu Nyerere iliona yako mahitaji mengine ya kutangulizwa. ITV ilianza matangazo yake mwaka 1994, na televisheni ya taifa ikafuata miaka michache baadaye. Leo yuko bibi ambaye miguu imegoma kumfikisha kanisani, naye Jumapili hufuatilia ibada akiwa kwenye kiti chake. Wako pia watoto wanaojifunza, na baba ambaye taarifa ya habari ya saa mbili usiku ndiyo humkutanisha na wanawe. Chombo hiki kina faida. Swali ni lile walilojiuliza waliotutangulia: kipi kitangulie?

Katika nyumba ya Kikristo, anayeketi kuhesabu asiketi peke yake. Tumewaona wanaume wanaoshusha boksi kutoka kwenye bajaji wakidhani wanamfurahisha mke, kumbe mama alikuwa amejinyima miezi sita kwa ajili ya ada ya mtoto. Wako na akina mama waliochukua fedha za kikoba kimya kimya, na baba akajua siku ya marejesho. Runinga ya namna hiyo hata ikiwa na picha safi kiasi gani, kila ikiwashwa inawasha na ugomvi. Basi ketini wawili, na watoto wakubwa wawepo. Kalamu na karatasi viwe mezani. Andikeni kwanza kodi ya nyumba, ada, chakula, bima ya afya na sadaka. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kuzungumzia runinga.

Sasa tuingie dukani kwa akili, maana hekima ya Mungu haizuii mtu kujua vipimo.

Kwanza, pima chumba chako. Inchi zinazotajwa ni za mshazari, kutoka pembe hadi pembe ya kioo, na inchi moja ni sentimita 2.54. Runinga ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 hivi, ya 55 sentimita 122, na ya 65 sentimita 144. Wengi wetu tunaishi chumba na sebule, na sebule yenyewe ni futi 10 kwa 12, au 10 kwa 10. Toa nafasi ya kochi. Kutoka jicho hadi ukutani zinabaki kama mita mbili na robo. Kanuni rahisi ni hii: chukua umbali wa macho kwa sentimita, ugawe kwa mbili, utapata mshazari unaotosha. Sentimita 220 ukizigawa unapata 110, yaani inchi 43. Anayependa picha ijae macho anaweza kufika 50. Ile ya 65 uliyoiona kwa jirani huenda ni sahihi kwa sebule yake, ila kwako shingo itachoka kabla ya kipindi cha kwanza kwisha.

Pili, usilipie picha ambayo jicho halitaiona. Runinga ya Full HD ina nukta zipatazo milioni 2, na ya 4K zaidi ya milioni 8. Hesabu ni kubwa, lakini ukikaa mita mbili na nusu mbele ya inchi 43, jicho la kawaida halitaona tofauti kubwa kati ya hizo mbili. Tena matangazo mengi tunayoyapokea hapa nchini si ya 4K. Kama fedha ni kidogo, Full HD ya kampuni yenye fundi na vipuri hapa mjini ni bora kuliko 4K ya jina lisilojulikana. Na kama boksi limeandikwa 4K, omba uoneshwe kwenye mipangilio ya runinga yenyewe: vipimo viwe 3840 kwa 2160. Maandishi ya boksi yeyote anaweza kuyachapa.

Tatu, uliza itapokea nini. Tanga ilizima mitambo ya analojia mapema mwaka 2013. Tangu hapo tumekuwa watu wa ving'amuzi. Runinga nyingi mpya zina king'amuzi ndani yake. Tafuta iliyoandikwa DVB-T2, mfumo unaotumika nchini kwa antena ya kawaida, upate chaneli za bure zinazofika mahali pako bila kununua kisanduku kingine. Uwe mwangalifu na mitumba ya ng'ambo. Runinga iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hupokea matangazo kwa mfumo tofauti na wetu, na nyingine za Japani zinataka umeme wa volti 100, wakati umeme wetu ni volti 230. Bei yake huvutia, lakini ukiichomeka unaweza kuipoteza siku hiyo hiyo.

Runinga janja nayo ina hesabu yake. Saa moja ya video safi ya mtandaoni hula gigabaiti zipatazo 3, na ya 4K hufikia 7. Kama nyumbani hakuna intaneti zaidi ya bando la simu, sehemu hiyo ya ujanja utaitumia mara chache sana. Usiilipie kwa fedha iliyokuwa ya sare za shule.

Nne, ikumbuke LUKU. Runinga ya inchi 43 hutumia kama wati 80, na ya 65 inaweza kufikia 160. Ikiwaka saa tano kwa siku, ya kwanza itakula uniti 12 kwa mwezi na ya pili 24. Tofauti inaonekana ndogo, lakini iangalie kwa jicho la mteja wa matumizi madogo. Kwa bei zilizoanza mwaka 2016, mteja huyo alilipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, hadi uniti 75 kwa mwezi. Zilizozidi hapo zilitozwa shilingi 350. Nyumba inayotumia uniti 55 ikiongeza inchi 43 inafika 67 na inabaki salama. Ikiongeza ya 65 inafika 79, na imevuka mstari. Mnara hauishii siku ya kujenga, una matunzo yake.

Tano, usiende dukani na kukitumia chote. Kama mmetenga laki nane, ya runinga iwe laki saba au chini yake. Kinachobaki ni cha kifaa cha kuikinga na umeme unaopanda na kushuka, antena na waya wake, kibao cha ukutani au meza imara, na usafiri. Mtoto akiivuta runinga ikaanguka, kioo kikapasuka, fundi atakwambia ukweli mchungu: bei ya kioo kipya hukaribia bei ya runinga nzima. Nunua mahali watakapoiwasha mbele yako. Beba flashi yenye video yako, angalia picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, utazame kama kuna madoa au mistari. Soma waranti ni ya muda gani na inamlazimu nani. Dai risiti ya EFD yenye bei halisi uliyolipa. Hiyo ni haki yako na ni wajibu wako, na siku ya tatizo ndiyo itakayokusemea.

Ndugu yangu, hayo yote ni hesabu za sokoni. Hesabu inayowaumiza wengi ni ya mkopo. Wahenga wa pwani walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Tuseme umechukua laki sita kwa mikopo ile inayoitwa kausha damu, na riba ni asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi unatakiwa laki moja na elfu ishirini za riba tu. Ukishindwa kugusa deni lenyewe, kwa miezi mitano umelipa laki sita, na deni bado ni laki sita. Umenunua runinga ya pili ambayo hakuna aliyeiona, na ya kwanza wanaweza kuja kuichukua mbele ya wanao. Nawaza fedheha ya asubuhi ile, mtoto akiulizwa na wenzake runinga yenu imekwenda wapi. Ndicho kicheko cha wapita njia alichokitaja Bwana, nacho mara nyingi huangukia wasiokopa.

Kama fedha haijatimia, weka kidogo kidogo. Miezi minane ya kusubiri haimpunguzii mtu heshima. Mechi utaitazama kwa jirani, naye akikukaribisha huna sababu ya kuona haya. Mabawa tumeishi hivyo miaka yote, Wakristo na Waislamu, mlango kwa mlango, na nyumba yenye runinga imekuwa ya mtaa mzima. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi tunaitazama ya jirani ili tupime yetu. Amri ya kutotamani vya jirani haikutolewa kwa sababu vya jirani ni vibaya. Ilitolewa kwa sababu macho yakihamia kwake, hesabu ya nyumba yako inaharibika.

Na ikishaingia ndani, mambo mawili. La kwanza, kubalianeni saa ya kuizima kabla hamjaiwasha mara ya kwanza. Kabla ya runinga, viti vya sebule vilitazamana. Ikifika, vyote hugeukia ukuta. Ibada ya nyumbani hufa hivyo, bila mtu kuikataa: kila jioni kuna kipindi kimoja zaidi. Mkisema taarifa ya habari ikiisha inazimwa, tunasali, basi rimoti itii.

La pili, wafikirie watoto wa mtaa. Kijana asiye na pa kutazama mpira huenda kibanda umiza, na kule akakutana na mengi zaidi ya mpira. Mtoto mdogo husimama dirishani kwako akichungulia kupitia nondo. Ukinunua kubwa kwa sababu nyumba ina nafasi ya mkeka na unataka yule wa dirishani aingie aketi, hiyo ni sababu njema kuliko ukubwa wa ukuta. Na ukinunua ndogo kwa sababu hiyo ndiyo uliyoimudu bila deni, mkeka utatosha vilevile.

Basi leo, baada ya chakula cha mchana, chukua futi kamba, upime kutoka kochi hadi ukutani. Mwite mwenzako na muandike. Kama karatasi inasema bado, msiione aibu. Mungu aliyewapa mkate wa leo anajua na haja zenu za kesho, naye hakuwaahidi mnara wa deni.

Bwana atujalie macho yanayotosheka na vya kwetu, ulimi wa kuelezana ukweli juu ya fedha, na nyumba ambayo jirani akibisha hodi anapata pa kukaa. Amina.

Nakutakia Jumapili njema.