Damu ikipungua, usikimbilie kusema ni karuho

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani: kutoka Kavimvira hadi Baraka, mtu akipungukiwa damu twasema ni malaria. Akitoka damu puani, jirani hunong'ona: karuho, amelishwa sumu. Mara nyingi ni malaria kweli. Lakini homa ikitibiwa, damu ikaongezwa, na baada ya wiki chache akapungukiwa tena, uboho uchunguzwe.

Uboho ni nini? Ni ute laini ulio ndani ya mifupa. Humo hutengenezwa chembe nyekundu zinazobeba hewa, nyeupe zinazopigana na magonjwa, na zile zinazogandisha damu. Ukiacha kazi, zote hupungua: mgonjwa huchoka, homa haimwachi, fizi hutoka damu.

Chanzo ni nini? Mara nyingi hakijulikani. Lakini benzini iliyomo ndani ya esanse, ikivutwa kwa muda mrefu, huharibu uboho. Hata dawa ya kloramfenikoli huweza, ingawa ni mara chache. Basi usioshe mikono wala vyuma kwa esanse, usiinyonye kwa mpira, wala usinunue dawa hiyo bila cheti cha munganga.

Matibabu ni yapi?

1. Kuepuka kinachoharibu, kuongezewa damu na kutibu homa upesi. Hayo hushikilia maisha tu, uboho hayauponyi.

2. Kupandikizwa uboho wa ndugu wa baba na mama mmoja. Kila ndugu ana nafasi 1 katika 4 ya kulingana na mgonjwa. Hii huwafaa zaidi watoto na vijana.

3. Dawa za kutuliza kinga ya mwili, maana mara nyingi ndiyo inayoushambulia uboho: globulini itokanayo na damu ya farasi, pamoja na siklosporini. Wagonjwa kama 2 katika 3 hupata nafuu, lakini ni baada ya miezi 3 hadi 6.

Njia hizi mbili za mwisho hutaka hospitali kubwa. Ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kupandikiza uboho mwaka 2023, kwa watoto wenye selimundu.

Kumbuka hili. Kwetu ndugu ndio hutoa damu. Lakini damu ya ndugu yaweza kuufanya mwili wa mgonjwa uukatae uboho wake baadaye. Mwulize munganga kama damu ya mtu mwingine ipo. Kama haipo na hali ni mbaya, toa: maisha kwanza.

Usipoteze wiki kwa wanaotoa karuho. Nenda Hospitali Kuu ya Uvira au kituo cha karibu, uombe chembe zote za damu zihesabiwe.