Bingwa Aliyetoka Mji Usio na Bahari

Leo tutajifunza habari za mwogeleaji mmoja wa mbio fupi, kisha tutajiuliza zatufaa nini sisi wa Kiboriloni, tunaokaa mbali na bahari.

Mtu huyo ni Jason Dunford, Mkenya, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1986. Nairobi ni kama Moshi: haina bahari. Wako watu wasemao kwamba kuogelea ni kazi ya watu wa pwani, ambao hujifunza bila kufundishwa. Habari za Jason zinaonyesha sivyo. Yeye alijifunza bwawani, akaendelea hadi Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alikosoma na kuogelea pamoja.

Mbio fupi ni za mita 50 na mita 100. Katika mtindo huru, sheria yamruhusu mtu aogelee apendavyo. Lakini wote huchagua kulala kifudifudi, wakivuta maji kwa mkono mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa ndiyo njia ya kasi kuliko zote. Katika mtindo wa kipepeo, mikono yote miwili hurushwa mbele kwa pamoja, na miguu hupiga pamoja kama mkia wa samaki. Jason alivuma zaidi kwa kipepeo. Mdogo wake, David, alikuwa hodari wa mtindo huru, naye pia aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki.

Sasa, je, ushindi hutoka katika nguvu peke yake? Hapana. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800. Tena, ukiongeza kasi yako mara mbili, maji hukuzuia mara nne. Ndiyo sababu mtu mwenye nguvu za kulima kutwa aweza kuchoka kwa dakika moja majini, akipigapiga ovyo, na mtoto aliyefundishwa kunyoosha mwili akampita. Kwanza hujifunza kupumua, pili kuelea, tatu kunyooka. Kasi huja mwisho.

Mwaka 2008, katika Olimpiki ya Beijing, Jason aliogelea mita 100 za kipepeo kwa sekunde 51.14. Ilikuwa rekodi mpya ya Olimpiki. Siku ile ile Milorad Čavić wa Serbia akaivunja. Hata hivyo Jason alifika fainali, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo katika kuogelea, akawa wa tano.

Mwaka 2010, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Delhi, alipata medali ya dhahabu ya mita 50 za kipepeo kwa sekunde 23.35. Geoff Huegill wa Australia alitumia sekunde 23.37. Tufanye hesabu pamoja. Gawanya mita 50 kwa sekunde 23.35, utapata mita mbili na zaidi kidogo kila sekunde. Basi tofauti ya sehemu mbili za mia za sekunde ni kama sentimita nne tu, yaani upana wa vidole viwili! Miaka yote ya mazoezi iliamuliwa na vidole viwili. Baada ya mashindano Jason aliingia katika muziki, akajiita Samaki Mkuu.

Kwetu Tanzania, Hilal Hilal aliogelea mita 50 za mtindo huru katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Katika ile ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alikwenda tena, pamoja na Kayla Temba kwa upande wa wanawake. Hawakupata medali. Lakini ni vigumu kupata mabingwa wengi mahali penye mabwawa machache na walimu wachache.

Huenda utasema, “Mwanangu hatakwenda Olimpiki.” Ni kweli, huenda asiende. Lakini mwanao hupita kando ya mfereji kila siku. Masika mito yetu hushuka kutoka mlimani kwa nguvu, na vijana wetu wengine huvua samaki katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hao hawakuhitaji kasi ya Jason. Walihitaji mtu mzima wa kuwaangalia, na wakubwa wao walihitaji lile somo la kwanza la kupumua na kuelea.

Basi usimpeleke mtoto mtoni ajifunze peke yake. Mtafutie mwalimu na maji yaliyotulia. Na ukimwona mtu anazama, usijitupe majini kama hukufundishwa. Piga kelele, mnyoshee mti mrefu, au mtupie dumu tupu lenye kifuniko, lililofungwa kamba.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Kwa nini mtu mwenye nguvu aweza kushindwa na mtoto katika maji?
2. Ni mahali gani pa hatari ya maji karibu na nyumba zenu, na nani huwaangalia watoto hapo?
3. Kamba na dumu la kuokolea vyaweza kuwekwa wapi, ili kila mtu ajue vilipo?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.