Kupiga Picha Anga la Usiku (2): Rangi za Nebula ya Jabari

Wiki iliyopita tulijifunza kulitambua kundinyota la Jabari kwa nyota zake tatu zilizojipanga mstari mmoja. Leo tusogee kusini kidogo ya mstari huo, kwenye kidoa cha ukungu ambacho kwa macho ni cha kijivu, lakini pichani hutoka chekundu, kijani na buluu. Watu wengi huuliza: je, rangi hizo ni za kweli, au ni za kompyuta?

Ni za kweli, na kila moja ina asili yake. Nebula ya Jabari ni wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 1,300, na ndani yake nyota zinazaliwa hadi sasa. Katikati zipo nyota changa zenye joto kali. Mionzi yao ya urujuanimno hung'oa elektroni kwenye atomu za hidrojeni. Elektroni zikirudi mahali pake, hidrojeni hutoa nuru nyekundu. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa kijani kinachoelekea buluu. Kijani hicho kiliwasumbua wataalamu tangu William Huggins alipokiona kwenye nebula mwaka 1864. Walidhani ni elementi mpya, hadi Ira Bowen alipobaini mwaka 1927 kuwa ni oksijeni. Buluu ya pembezoni hutokana na vumbi linaloakisi nuru ya nyota.

Jicho halizioni rangi hizo kwa sababu mbili. Katika mwanga hafifu, seli zake za kutambua rangi karibu zote hulala. Tena haliwezi kulimbikiza nuru. Kamera huweza. Tarehe 30 Septemba 1880, daktari Henry Draper wa New York aliipiga nebula hii picha ya kwanza, kwa kuacha nuru iingie dakika 51. Mwaka 1883, Andrew Common, mhandisi wa Uingereza aliyefanya falaki kwa mapenzi tu, alinasa nyota ambazo hazikuwahi kuonekana kwa darubini.

Leo unahitaji kamera ya kubadilisha lenzi na stendi imara. Mwezi Januari, majira ya kaskazi, mnamo saa nne usiku, nebula huwa karibu na utosi kwa walioko Tanzania na Kenya. Tumia lenzi ya milimita 50 na uache shata wazi sekunde tano tu, maana Dunia inazunguka na ukizidisha nyota zitakuwa mistari. Piga picha mia moja, kisha ziunganishe kwa programu. Nuru ya nebula hujirudia katika kila picha, ilhali chenga hubadilika. Wastani wa picha mia hupunguza chenga hizo mara kumi.

Usishangae wekundu ukiwa hafifu: kamera nyingi zina kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya nuru ya hidrojeni. Na unapoihariri picha, jizuie. Anayekoleza wekundu hadi ukameza kijani amefuta ushahidi wa oksijeni, na picha yake haitufundishi tena kilichomo ndani ya wingu lile.

Wiki ijayo tutaeleza hatua kwa hatua namna ya kuziunganisha picha hizo.